Foleni Ndiyo Ada Kubwa

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu hugeuka ofisi ya ushauri. Mwaka huu aliyewahi ni mtoto wa kaka yangu. Alipiga saa tatu usiku, shikamoo yake ndefu kuliko kawaida, nikajua kuna jambo.

"Shangazi, nimepata daraja la pili, HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza. Baba anasema nijaze ualimu. Bodi ya Mikopo itanikopesha, kinachopungua atauza kile kipande cha chini ya mfereji, na nikimaliza Serikali itaniajiri. Wewe unaonaje?"

Nikamwambia anipe siku mbili. Zikawa tisa.

Swali lake linanigusa mara mbili. Shahada ya ualimu ninayo, na chaki nimeishika miaka sita Arusha. Leo ni mhasibu wa SACCOS, chama cha akiba na mikopo, hapa Moshi, wanachama wetu wengi walimu, na slipu zao za mishahara hupita mezani kwangu kila wanapoomba mkopo. Nimekaa pande zote mbili za meza hiyo, na bado sikuweza kumjibu kijana yule kwa "nenda" au "acha". Nikachukua kalamu.

Nianze na kaka yangu, kwa sababu ni rahisi kumcheka na hastahili. Kwa mzazi wa Uru, Kibosho au Machame, shule ilikuwa namna ya kugawa kihamba, shamba la ukoo, kisichogawanyika tena. Desturi ilimpa wa kwanza, ikampa na kitinda mimba. Wa katikati waliambiwa urithi wao uko darasani. Mlipaji alikuwa kahawa. Tangu enzi za KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa, miaka ya 1930, mkulima alipeleka kahawa chamani, akachukua malipo ya awali, kisha akayasubiri malipo ya pili huku karo nayo inayasubiri hayo hayo. Mgao wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989 na bei ikaporomoka, watu hawakuacha kusomesha. Waling'oa mibuni, wakapanda nyanya, wakauza ng'ombe, wakaenda kufungua duka Dar es Salaam. Kilimanjaro ikajaa sekondari za binafsi na za makanisa wakati mikoa mingine ilikuwa na za kuhesabu kwa vidole.

Na Serikali nayo ilikuwa inatimiza upande wake. Mpaka karibu mwaka 2015 mhitimu wa ualimu hakuomba kazi, alisubiri mkeka, ile orodha ya waliopangiwa vituo. Ukitoka, unatafuta jina lako, unajua umepangiwa Kigoma au Mtwara, unafunga begi. Uhaba ulikuwa mkubwa hivi kwamba shule za kata zilipochipuka kila kona katikati ya miaka ya 2000, wahitimu wa kidato cha sita walipigwa mafunzo ya muda mfupi wakasukumwa darasani, mtaani wakabatizwa "voda fasta". Kaka yangu aliyaona hayo kwa macho yake. Mtu aliyeona wa mafunzo ya muda mfupi akipata ajira ya kudumu, utamwambiaje kwamba wa miaka mitatu atakaa nyumbani?

Kilichobadilika hakikutangazwa kanisani, ndiyo maana wazazi wengi hawakukisikia. Mwaka 2016 ajira mpya zilisimama kupisha uhakiki wa vyeti na watumishi hewa. Zilipofunguliwa zilikuja kwa matone, sayansi na hisabati zikitangulia. Vyuo havikusimama hata siku moja. Kila Novemba na Desemba vilivisha majoho kundi jingine. Januari 2016 elimu bila ada ikaanza na madarasa yakafurika, Julai 2022 ikafika kidato cha tano na cha sita. Kwa hiyo wanafunzi waliongezeka, wahitimu wa ualimu waliongezeka, kilichobaki nyuma ni nafasi zenye mshahara. Leo kitongoji kimoja kinaweza kuwa na darasa lisilo na mwalimu wa somo na mwalimu wa somo hilo hilo asiye na darasa, wanasalimiana asubuhi akienda kuuza maparachichi.

Sasa kalamu. Vyuo vya ualimu wa shahada huku kwetu vipo vya kutosha: Mwenge na Stefano Moshi upande huu, Makumira na Chuo Kikuu cha Arusha kule Usa River. Ada zao hazifanani, na sitaki kumpigia debe mmoja wala kumwangusha mwingine, kwa hiyo tuweke 1,300,000 kwa mwaka kwa ajili ya hesabu. Miaka mitatu ni 3,900,000. Tuseme bodi imempa nusu ya ada. Juu yake inampa bumu, yaani fedha ya kujikimu, ambalo tangu mwaka wa masomo 2022/23 ni 10,000 kwa siku, yaani kila siku 60 inaingia 600,000. Awamu nne kwa mwaka, mara miaka mitatu, ni 7,200,000. Ongeza nusu ya ada, vitabu, na fedha za mazoezi ya kufundisha, deni la bodi linakaribia milioni 10.

Nyumbani nako kuna nusu ya pili ya ada, godoro, kompyuta mpakato iliyotumika, bima ya mwanafunzi 50,400 kila mwaka, na zile wiki za mwanzo ambazo chuo kimefunguliwa, bumu halijaingia na mama lishe ameshaanza kuandika jina kwenye daftari la madeni. Kwa hesabu zangu familia haitoki chini ya milioni tano. Jumla milioni 15.

Wengi huishia hapa. Wanaitazama milioni 15, wanauliza mwalimu analipwa ngapi, wanagawanya, wanapata miaka, wanaamua. Mimi pia niliishia hapo usiku wa kwanza, nikalala vizuri.

Usiku wa pili nikachukua slipu. Mwalimu wa shahada akiajiriwa serikalini huanza ngazi ya TGTS D, ngazi moja juu ya mwenye stashahada anayeanza TGTS C. Viwango hupanda mishahara inapopandishwa, kwa hiyo tuweke laki nane kamili ili tusigombane na mtu. Mfuko wa pensheni, PSSSF, unachukua asilimia 5, yaani 40,000. Kodi ya mapato inakokotolewa kwenye 760,000 inayobaki, inakuwa 68,000. Bima ya afya asilimia 3, 24,000. Chama cha Walimu asilimia 2, 16,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 120,000. Makato yote 268,000, anapeleka nyumbani 532,000.

Tazama lile kato la bodi. Zamani lilikuwa asilimia 8. Mwaka 2016 likafanywa 15. Ni kubwa kuliko kodi na pensheni zikiunganishwa. Kwa deni linalokaribia milioni 10, 120,000 kila mwezi ni karibu miaka saba. Na hiyo ni baada ya ahueni ya mwaka 2021, Serikali ilipofuta ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo na adhabu ya asilimia 10. Kabla ya hapo kuna walimu waliokuwa wakikatwa mwaka mzima, wakichukua taarifa wanakuta deni limenenepa. Siku bodi inapoisha kwenye slipu, mwalimu hununulia soda ofisi nzima, na mimi huwa sikosi chupa yangu.

Ukiitazama ile 532,000 peke yake utasema ualimu haulipi. Mimi nasema slipu haioneshi kila kitu. Mwajiri anachangia pensheni asilimia 15, maana yake 120,000 nyingine kila mwezi ambazo mwalimu hazioni mpaka astaafu (kikokotoo cha mafao kina kelele zake, najua, na nyongeza ya mwaka 2024 ya malipo ya mkupuo kutoka asilimia 33 hadi 40 haikuzimaliza zote). Kuna kadi ya bima inayombeba yeye, mwenza na wategemezi wanne. Mama yako akiwa na presha na kisukari, anahudhuria kliniki hospitali ya KCMC kila baada ya miezi michache, kadi hiyo ina thamani ambayo mwenye duka la milioni tano hana. Kuna nyumba nyingi tu huku ambako anayefaidi shahada ya mtoto kuliko mtoto mwenyewe ni bibi.

Halafu kuna kukopesheka. Hapa naomba mnivumilie, ndiyo kazi yangu. Mshahara wa Serikali ni dhamana. Benki, SACCOS, hata mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Majengo, wote wanaamini kwamba tarehe itafika na hela itaingia. Mwalimu wa laki nane anaweza kununua kiwanja Pasua akiwa na miaka miwili kazini, jambo ambalo fundi seremala anayemzidi kipato haliwezi kwa urahisi, kwa sababu kipato cha fundi hakina karatasi. Lakini karatasi hiyo hiyo ndiyo inayowamaliza. Utaratibu unataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato yote. Walimu wanaijua theluthi yao mpaka shilingi ya mwisho, na wakishaigusa wanaingia kwa wale wakopeshaji wa mtaani tunaowaita kausha damu, wanaokushikia kadi ya benki na namba yake ya siri. Nimeona slipu ya laki nane inayoacha laki mbili na kidogo, na hiyo mbili nayo kadi iko kwenye droo ya mtu Njoro. Aliyekaa hivyo mbele yangu si mlevi wala mjinga. Aliingia kazini akiwa na miaka 33, ana watoto wawili, na deni la miaka aliyoishi bila mshahara.

Ni yule mwalimu wa miaka 33 aliyenifanya nichane karatasi ya usiku wa kwanza. Alimaliza chuo na miaka 25. Nilikuwa nimehesabu ada, bumu na makato, nikasahau kuandika ile miaka minane ya kusubiri.

Fikiria hivi. Mwaka mmoja wa kusubiri ajira ni mwaka mmoja wa 532,000 zisizoingia. Mara kumi na mbili ni 6,384,000. Ada ya miaka yote mitatu tulisema ni 3,900,000. Yaani mwaka mmoja wa kukaa benchi unakula kuliko ada ya shahada nzima. Ukikaa minne umepoteza zaidi ya milioni 25, na hakuna mzazi anayeuza shamba kwa ajili yake, hakuna bodi inayoikopesha, haiandikwi kwenye fomu yoyote ya kujiunga. Ndiyo maana tunagombana sisi kwa sisi kuhusu chuo kipi kina ada nafuu ya laki mbili, wakati gharama yenyewe imekaa nje ya geti inatusubiri tumalize.

Na foleni hiyo ina urefu gani? Usaili wa ajira za walimu ulioanza Januari 2025 ulikuwa wa nafasi 14,648. Walioomba walipita 200,000. Karibu watu 14 kwa kiti kimoja. Ukipita Arusha wakati ule uliwaona: suruali za kitambaa, bahasha za kaki, wamelala kwa ndugu, wamekula maandazi, wanaulizana maswali ya falsafa ya elimu nje ya ukumbi. Wengine walikuja na watoto mgongoni.

Huo usaili umebadilisha jambo ambalo watu hawajalipima vizuri. Zamani foleni ilikuwa na mbele na nyuma. Uliyetangulia kuhitimu ulikuwa na haki ya kudhani utatangulia kuitwa. Mtihani wa mchujo unafuta mbele na nyuma. Aliyehitimu mwaka 2016, ambaye miaka hii amekuwa akiendesha bodaboda Himo, anakaa dawati moja na aliyehitimu juzi, notisi bado zina joto. Kwa mwajiri inaonekana haki: anayejua ndiye achukuliwe. Kwa aliyesubiri, ni kama kufika benki saa mbili asubuhi, saa sita wanatangaza kwamba namba mlizokuwa nazo zimefutwa, tuanze upya kwa kukimbia. Ndicho walichokilalamikia wale vijana wa NETO, umoja wa walimu wasio na ajira, mwanzoni mwa 2025, walipotaka waliohitimu tangu 2015 wafikiriwe kwanza. Sikubaliani na yote waliyoyasema, lakini katika hili hesabu inawaunga mkono: thamani ya shahada yao ilikuwa imefungwa kwenye foleni, na foleni imebadilishwa kanuni wakiwa ndani yake.

Mtu atasema: si lazima Serikali, shule binafsi zimejaa Arusha na Moshi. Kweli, na mimi nilipitia huko. Tukadirie mshahara wa 450,000. Mfuko wa pensheni wa huko, NSSF, asilimia 10 ni 45,000, kodi 10,800, bodi 67,500 maana mwajiri binafsi naye anatakiwa kisheria kukata. Unabaki na 326,700, kabla ya nauli ya vifodi viwili vya kwenda na viwili vya kurudi. Ukilinganisha na aliyepata Serikali, benchi la namna hiyo linakugharimu kama milioni mbili na nusu kwa mwaka badala ya sita. Ni nafuu kubwa, sikatai. Shule nzuri zipo pia, zinazolipa kuliko Serikali, zinampa mwalimu nyumba na chakula, na nafasi zake hutolewa kwa kujuana na kwa Kiingereza kilichonyooka.

Ya kwangu haikuwa mojawapo. Sitaitaja. Mkataba ulikuwa wa miezi kumi na mbili, mshahara wa miezi kumi. Desemba na Juni tulikuwa "likizo". Januari mwenye shule alituita, akasema wazazi hawajalipa karo, tuwe na moyo wa ualimu. Tukawa nao mpaka Machi. Mwaka wa nne nilikwenda NSSF kuangalia akiba, nikakuta michango ya miezi kumi na minane haijafika, ingawa kwenye slipu ilikatwa kila mwezi bila kukosa. Bodi nayo vivyo hivyo: nilikatwa, haikupelekwa, deni likabaki palepale. Niliondoka mwaka wa sita, na nilichoondoka nacho cha thamani ni kujua kusoma slipu ya mtu.

Tangu hapo nikisikia "ualimu ni wito" huangalia kwanza ni nani anayesema. Mwalimu mwenyewe akisema, naheshimu. Mwajiri akisema, nashika mkoba wangu.

Wanaojitolea kwenye shule za Serikali sitawazungumzia sana. Michango ya wazazi ikipatikana wanapewa posho, isipopatikana wanapewa barua ya utambulisho. Barua hiyo wanaiamini kuliko ninavyoiamini mimi.

Kuna kundi jingine ambalo wachambuzi wa Dodoma hawaliweki kwenye majedwali, na sisi wa huku tunaliona likishuka Marangu na Mweka na magunia mgongoni. Miongoni mwa wagumu wanaobebea watalii mizigo kwenye Mlima Kilimanjaro wamo walimu wenye shahada. Kiwango kinachopendekezwa ni 20,000 kwa siku, na mzigo usizidi kilo 20. Safari ya siku sita ni 120,000, na tipu juu yake kama kiongozi wa safari ni mwaminifu. Angalia namba hiyo tena: 120,000. Safari nzima ya mlima, baridi ya Kibo na magoti yanayouma, ni sawasawa na kato moja la bodi la mwalimu aliyeajiriwa. Na sheria inamtaka mhitimu aanze kulipa miezi 24 baada ya kumaliza chuo, awe na darasa au awe na gunia.

Nikifika hapa huwa nauliza swali ambalo kwangu ndilo la msingi kuliko la kijana kujaza au kutojaza. Aliyekopesha ni nani? Ni Serikali, kupitia bodi. Mwajiri mkubwa wa walimu ni nani? Ni Serikali, kupitia TAMISEMI, ofisi ya serikali za mitaa, na Sekretarieti ya Ajira. Anayeidhinisha chuo kudahili wanafunzi mia tano wa Historia na Kiswahili ni nani? Serikali, kupitia TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Mtu mmoja ana mikono mitatu, na mikono hiyo haijasalimiana. Kwenye SACCOS yangu, mimi nikimkopesha mtu milioni kumi anunue mashine ya kusaga, na mimi huyo huyo ndiye nitakayempa kibali cha kuifungua, na najua kwamba kijijini pale vibali ni viwili na nimeshakopesha watu ishirini na wanane, mkaguzi ataniandika. Atauliza: ulitegemea walipe kwa nini?

Simaanishi bodi iache kuwakopesha walimu. Kufanya hivyo ni kuufanya ualimu uwe wa watoto wenye pesa, na wenye pesa hawautaki. Ninachotaka ni kidogo na hakina gharama: dirisha la mkopo linapofunguliwa, pembeni yake iwekwe orodha ya nafasi zilizojazwa mwaka uliopita kwa kila somo na idadi ya walioziomba. Fizikia ngapi kwa ngapi, Hisabati ngapi, Historia ngapi, Jiografia ngapi. Takwimu hizo zimo kwenye mfumo wa ajira, maana kila mwombaji alizijaza kwa mkono wake. Mtoto wa miaka 19 anayesaini deni la milioni kumi ana haki ya kuona foleni anayokwenda kusimama. Mkulima wa nyanya Kiboriloni hapandi kabla hajauliza bei. Sisi tunawapandisha watoto wetu shahada kwa bei ya mwaka 2008.

Kuna njia ya pembeni pia, ambayo kina baba wa Uchagani huiona kama kushushwa hadhi: stashahada. Kwa aliyemaliza kidato cha sita ni miaka miwili. Anaanza TGTS C, mshahara uko chini, foleni ni ndefu vilevile, lakini amewekeza kidogo kabla ya kujua kama ataitwa, na akiitwa anaweza kwenda kusoma shahada akiwa na mshahara mfukoni. Mtaji ukiwa mdogo, mtu huonja maji kabla ya kuvua shati. Tangu 2023/24 bodi imeanza kukopesha baadhi ya kozi za stashahada, ualimu wa sayansi na hisabati ukiwamo. Kasoro yake ni kwamba kubadilishiwa muundo baada ya kupata shahada kunaweza kuchukua muda unaochosha, na nina mwanachama aliyefundisha kidato cha nne miaka mitatu akiwa na shahada kabatini na mshahara wa stashahada kwenye slipu.

Kwa hiyo siku ya tisa nikampigia kijana. Aliitikia kabla simu haijaita mara mbili, maskini.

Nilimwambia kwamba kwa mwenye Fizikia na Hisabati ningesema nenda hata kama ni kukopa kwa jirani, kwa sababu foleni yake ni fupi na hata akiikosa, twisheni ya Hisabati hapa mjini haikosi watoto. Yeye ana HGL. Nikamwambia kama ni ualimu, asichukue Historia na Kiswahili kwa kuwa marafiki zake wanachukua. Achukue Kiingereza na Jiografia. Kiingereza ndicho shule za mchepuo wa Kiingereza za Arusha na Moshi zinakitafuta, na ndicho kitakachomvusha miaka ya benchi: kufundisha jioni, kuongoza watalii, au kufundisha wageni Kiswahili, kazi ambayo Usa River na Moshi ipo miaka mingi na wanaoifanya vizuri ni wachache.

"Kwa hiyo shangazi, niende?"

"Nataka uniambie kwanza utafanya nini kati ya siku ya kuvaa joho na siku ya kuitwa. Tuseme ni miaka minne. Utaishi wapi, utakula nini, bodi utailipa na nini."

Akanyamaza. Akasema alikuwa akipiga tempo, kufundisha kwa muda, shule moja ya msingi Soweto ya hapa Moshi tangu Juni, wanampa 150,000, na mwalimu mkuu amemwambia arudi likizo zote. Akasema pia, kwa sauti ya chini, kwamba darasani anapapenda. Hilo sikuwa na safu ya kuliandikia kwenye karatasi yangu, nikaliandika pembeni.

Baba yake alinipigia usiku huo huo, hajafurahi. "Umemwambia nini mtoto? Mimi nimeshaongea na mtu wa kipande kile, anakuja Jumamosi na hela."

Nikamwambia kipande kisiuzwe mpaka mgao wa mkopo utoke, maana hajui bodi itampa mtoto asilimia ngapi, na kuuza shamba kwa deni usilolijua ukubwa wake ni biashara ya mtu mwenye haraka. Nikamwambia kingine: ada ya mwaka wa kwanza tunaweza kuisukuma sisi ndugu, mimi laki tatu natoa. Kipande kile kina migomba arobaini. Kama mtoto atakuja kukaa benchi miaka minne, atahitaji mahali pa kukaa na kitu cha kuuza.

Kaka akakaa kimya muda mrefu, nasikia redio yake nyuma. Kisha akaniuliza mkungu wa ndizi siku hizi pale Mbuyuni unakwenda shilingi ngapi.